Nchi Iliyofunga Kidole cha Pili

Msomaji wangu, usinisumbue kwa kuniuliza Sikudhani alifikaje Nakshini. Wapo wasafiri wanaomaliza nusu ya kitabu wakisimulia kichefuchefu cha njiani. Huyu aliinamia kompyuta yake nyumbani Mtwara, alipoinua kichwa akajikuta kwenye uwanda mweupe usio na vumbi, basi. Alichokuwa akikifanya kabla ya hapo nitakisema, maana kinahusika. Alikuwa mchora nakshi za vitenge asiyeshika brashi: aliandika maagizo, programu ikachora, ua moja likajizidisha mpaka likajaza kitambaa kizima. Programu hiyo aliitunga mwenyewe, na sasa alikuwa akihangaika kuiongezea kitu kimoja tu, ile menyu inayochomoza pale pale unapobofya kitufe cha kulia cha kipanya. Alikuwa amechoka kupeleka mshale hadi juu kabisa ya skrini kila alipotaka kugeuza jani moja.

Nakshini, kwa wasioijua, ni nchi inayochorwa na wakazi wake. Kila mtu amevaa kibao kifuani. Akiandika "mkorosho, mfupi, hapa", mkorosho husimama hapo kabla hajapangusa chaki vidoleni. Nyumba ni miraba ya rangi ambazo kwetu mtu angeogopa kuziomba dukani, na siku ile mawingu ya duara yalikuwa yakipishana angani kwa adabu. Sikudhani alizunguka huku na huku akicheka peke yake. Alijiona amefika kwao hasa, na alitamani kila mtu aliyewahi kumwambia kazi yake si kazi awe amesimama hapo aone.

Kisha akaona msafara wa watu waliochoka. Walikuwa wakishuka kutoka Ukingoni, mlima uliolala upande wote wa juu wa nchi, kila mmoja na kifurushi kidogo mkononi. Alipouliza akaelezwa sheria. Kuumba kitu Nakshini ni haki ya kila mtu, mahali popote. Kukibadilisha ni jambo jingine. Ukitaka kukigeuza, kukipunguza au kukipaka rangi nyingine, utakigusa kwa kidole cha kwanza mpaka king'ae, kisha utapanda Ukingoni, ambako vitendo vyote vya nchi vimetundikwa kwenye boriti moja ndefu. Kule utapewa kitendo kimoja, kinachotumika mara moja, ushuke nacho. Kwa foleni ya kule juu, safari hiyo humeza siku nzima. Ukifika nyumbani ukagundua umegeuza kidogo mno, kesho unapanda tena.

Aliyempa maelezo hayo alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Mwanamvua, naye alikuwa ameshika Geuza moja iliyofungwa kwenye kitambaa. Sikudhani aliangalia mkono wake. Kidole cha pili, kile kinachofuata cha shahada, kilikuwa kimefungwa kwa uzi mweusi kikashikamana na jirani yake. Akatazama mikono ya wengine, akaona wote ni hivyo hivyo.

"Samahani dada, mbona mmefunga vidole?"

"Hiki? Hiki hakina kazi."

"Mmejuaje kama hakina kazi?"

"Kingekuwa nayo si kingekuwa kimefunguliwa, mwenzangu?" Mwanamvua alisema hivyo bila hata chembe ya utani, akamkaribisha mgeni nyumbani.

Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na mwanamke aliyechorwa kwa mistari, akicheza ngoma ya lelemama, na mdundo wake ukisikika. Mistari yenyewe haikuwa mingi: mmoja wa mgongo, mwingine wa bega, na pindo la leso lililofuata hatua zake. Lakini alikuwa mtu kamili. Alisogea mbele, akayumba, akageuza shingo kwa maringo ya kujua kwamba anatazamwa, na Sikudhani akajikuta anapiga makofi.

"Huyo ni mama yangu," Mwanamvua alisema. "Marehemu. Sasa mtazame mkono wa kulia."

Sikudhani akautazama. Pale ambapo ngoma inataka kiganja kifunguke polepole kuelekea juu, mkono ule ulipepesuka kama unafukuza nzi. Mwanamvua alifungua kitambaa, akaweka Geuza yake kwenye kifundo cha mkono. Kiganja kilizunguka, kikapita kiasi, kikawa sasa kinaomba chumvi kwa jirani. Mwanamvua akakaa chini kwa kishindo.

"Kesho napanda tena," alisema. "Na Siku ya Kuoshwa ni keshokutwa."

Siku ya Kuoshwa, alieleza, Ukingoni huachilia maji yakasafisha uwanda wote ili mwaka mpya upate pa kuchora. Kazi ambayo mwenyewe ametamka mbele ya Mkuu wa Boriti kwamba imekamilika, maji huizunguka. Ambayo haikutamkiwa, maji huondoka nayo. Na ikishatamkiwa haiguswi tena, milele.

"Basi si utamke tu?"

"Acheze hivyo milele? Mama yangu aombe chumvi mpaka mwisho wa dunia?" Macho yalimjaa machozi. "Kila mwaka namchora upya, kila mwaka maji yanamchukua kabla sijamaliza. Na kila mwaka nasahau kidogo. Pua yake imeshanitoka akilini, ndiyo maana unaona nimemchora ameinama. Mwakani sijui nitakuwa nimebaki na nini."

Sikudhani aliegemea ukuta, na kwa mazoea ya kazi tu, kidole chake cha pili, ambacho kwao hubofya kitufe cha kulia cha kipanya, kikabonyeza jiwe lililokuwa hapo. Jiwe likashtuka. Halikusogea, lilisita, likawa kama mtu aliyeitwa akasimama kusikiliza, kisha likatulia kwa kukosa la kujibu.

Wanawake wawili walitazamana.

"Umelifanya nini?"

"Nimeligusa tu! Kwetu..." Sikudhani alianza kuongea haraka mpaka maneno yakagongana. "Kwetu ukigusa kitu kwa kidole hiki, chenyewe ndicho kinachokuambia kinaweza kufanywa nini. Kipazia kidogo kinashuka kando ya kidole, kina maneno machache. Unachagua, kinaondoka. Jiwe lako limesikia, shoga! Ila hakuna aliyelifundisha la kusema."

"Hapo hapo lilipo?"

"Hapo hapo."

"Bila kupanda?"

"Bila hata kuinuka."

Mwanamvua alipiga kigelegele kilichowatoa majirani ndani, akauweka uzi mweusi katikati ya meno yake na kuukata.

Kesho yake alfajiri walipanda Ukingoni wakiwa wametangulia watu wote. Mkuu wa Boriti, Mheshimiwa Mwinyikombo, aliwapokea kwa kahawa na kashata, akauliza habari za nyumbani, za majirani na za mikorosho, na hakuonyesha haraka ya kuwaacha waende. Aliposikia shauri lao aliita Baraza. Nalisimulia Baraza lile kama lilivyokuwa, sina nia ya kumcheka mtu.

Msemaji wa kwanza alihofia miguu. Taifa lisilopanda mlima, alisema, litakuwa na miguu kama njiti. Miguu ya wananchi haikuwahi kujadiliwa katika Baraza hilo tangu lianzishwe, lakini siku hiyo ilijadiliwa kwa uchungu. Msemaji wa pili aliuliza: kitu kikipewa mdomo leo kikataja kinachoweza kufanywa, kesho kitakosaje kutaja kisichotaka kufanyiwa? Kisha akasimama Bwana Sudi, Afisa wa Kijivu, ambaye kazi yake ilikuwa kuvipaka rangi ya majivu vitendo ambavyo mtu haruhusiwi kuvitumia. Alikubali vipazia kwa sharti kwamba kila kimoja kionyeshe pia vitendo vilivyokatazwa, kwa rangi ya kijivu, ili mwananchi ajue vizuri anachonyimwa. Alipigiwa makofi mengi. Sikudhani alitaka kucheka, akakumbuka kuwa hata menyu za kwao ndivyo zilivyo, akajizuia.

Mwishowe Mheshimiwa Mwinyikombo aliweka kikombe chini. "Na sisi tutakaa huku juu na nani?" aliuliza.

Upepo ulikuwa ukivuma kwenye boriti na vitendo vikigongana taratibu. Sikudhani alielewa ghafla kahawa ile, na kashata, na zile salamu zisizokwisha.

"Mheshimiwa," Mwanamvua alisema kwa upole, "mnaweza kushuka."

Wazo hilo lilikuwa geni kwao kabisa. Baraza liliridhia jaribio, mradi litungwe na Baraza lenyewe na lifanyike hadharani kabla ya adhuhuri.

Watu walifurika uwandani. Baraza liliandika agizo lake kwenye kibao kikubwa kwa mwandiko wa kupendeza. Mheshimiwa alifunguliwa uzi kwa mkasi wa heshima, akakinyoosha kidole chake cha pili, cheupe na chembamba kwa kukosa jua, akagusa jiwe. Jiwe likashtuka kama lile la kwanza. Watu wakasubiri. Hakuna kipazia.

Ndipo sauti ikasikika kwa mbali, huko juu, kutoka pembe ya kushoto kabisa ya Ukingoni. Mlinzi alikuwa akipunga mikono. "Kimeshuka huku! Kipazia kimeshuka huku!"

Ilikuwa hivi. Nakshini kila kipimo huanzia kwenye pembe hiyo. Mkorosho uko hatua kadhaa kutoka Pembe, nyumba hatua kadhaa kutoka Pembe. Baraza liliandika kipazia kishuke bila kusema wapi, nacho, kwa utii wa mtumishi mwema, kikaenda kushuka Pembeni. Na sasa nisikilize kwa makini: walifurahi! Watu walipanda mlima mbio, wakakisoma kipazia wakihema, wakashuka kulieleza jiwe walichosoma. Bwana Sudi alilitangaza jaribio kuwa la mafanikio na akapendekeza ngazi.

"Jamani!" Sikudhani alipaza sauti. "Kiambieni kishuke kidole kilipo!"

Hapo likazuka swali ambalo sheria za Nakshini hazikuwahi kukutana nalo. Kidole kiko wapi? Vitu vilivyochorwa vina mahali, na mahali pake hupimwa. Lakini kidole hakikuchorwa na mtu. Wanasheria walioulizwa walijibu kwamba, kwa mujibu wa sheria, kidole hakipo popote, na mmoja wao alikiangalia cha kwake kwa mashaka. Walibishana mpaka Mwanamvua akachoka, akasogea kwenye kibao kikubwa akaongeza kwa chaki yake: *kidole kilipo*.

Safari hii Mheshimiwa alipogusa jiwe, kipazia kilishuka kando ya mkono wake, laini, cheupe, kikinukia wino mpya. Umati ulinguruma. Watoto walirukaruka, wazee walishikana mabega, Sikudhani alilia waziwazi. Lakini kipazia hakikusimama. Kiliendelea kushuka. Kila idara ilikuwa imepenyeza kitendo chake, nacho kikafika chini, kikajikunja, kikatambaa kati ya miguu ya watu kikielekea mabondeni. Kwa jiwe moja tu palikuwa na Kausha, Shona, Ozesha, Pigia Kura, na vya kijivu visivyo idadi. Na Futa Nchi ilikuwa imekaa bega kwa bega na Geuza. Mheshimiwa, ambaye macho yake si mazuri, alikuwa ameshateremsha kidole.

"La!" Mwanamvua aliudaka mkono wake hewani. Mheshimiwa akasoma, akaketi juu ya lile jiwe.

"Mheshimiwa, niruhusu niandike mimi," Mwanamvua alisema. "Kitu kitaje mambo yake tu. Jiwe litaje ya jiwe. Mkono utaje ya mkono."

"Andika, mwanangu," Mheshimiwa alisema. "Andika kabla sijafuta kila mtu."

Aliandika kwa maneno machache. Sikudhani alisoma nyuma ya bega lake akaona hakuna la kuongeza. Ilikuwa ndiyo menyu yenyewe, ile aliyoihangaikia nyumbani, na hapa imetoka safi kwa chaki.

Ningependa ungekuwapo kuiona Nakshini mchana ule. Nyuzi nyeusi zilitapakaa kila mahali. Watu walikimbia huku na huku wakivigusa vitu walivyokuwa wamevikatia tamaa: mlango uliokuwa kombo kwa miaka ukanyooka, kisima kikasogea kivulini, mzee mmoja akageuza rangi ya nyumba yake kuwa zambarau kisha akasimama mbele yake akiapa kwamba hivyo ndivyo alivyoitaka tangu ujana. Vipazia vilichomoza na kutoweka. Maafisa wenyewe walishuka mmoja mmoja, wakajifanya wanakagua, na kabla ya alasiri walikuwa wamechafuka chaki kama watu wengine. Mheshimiwa Mwinyikombo alialikwa nyumba nyingi kuliko alizoweza kuzimaliza, na kila mahali alinywa kahawa.

Mwanamvua alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Aligusa kifundo cha mkono wa mama yake. Kipazia kikashuka: *Geuza. Punguza. Harakisha. Chelewesha. Rudisha.* Akachagua Geuza, kidogo tu. Kiganja kikafunguka kuelekea juu, na Sikudhani akapiga kelele, "Hapo! Hapo hapo!"

"Bado kidogo," Mwanamvua alisema.

Akageuza tena. Akarudisha. Akaharakisha, akapunguza, akarudisha. Jua lilishuka, yeye yumo. Kesho yake, Siku ya Kuoshwa yenyewe, Sikudhani alimkuta pale pale, kidole cha pili kimevimba, mama anacheza vizuri kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuonekana Mtwara au Nakshini.

"Nenda ukamwite Mkuu, shoga. Amekamilika."

"Bado kidogo."

Sikudhani alitoka nje akaona jambo lililomtia baridi. Nchi nzima ilikuwa bado kidogo. Mzee wa nyumba ya zambarau alikuwa ameifanya kijani, njano, na sasa alikuwa akirudi kwenye zambarau nyingine. Kisima kilikuwa kimezunguka kijiji chote. Zamani, kila badiliko lilipogharimu siku, watu walichoka wakatamka imekamilika ili wakalale. Leo hapakuwa na kinachochosha, na hapakuwa na kazi hata moja iliyotamkiwa. Baragumu likalia Ukingoni, na maji yakaanza kushuka, mapana, yanang'aa, bila hasira yoyote.

Alirudi mbio. Mheshimiwa Mwinyikombo alikuwa ameshafika, amevaa joho, amesimama mbele ya mchoro kama sheria inavyotaka.

"Mwanangu, imekamilika?"

"Dakika moja, Mheshimiwa." Mwanamvua alikuwa amekunja uso. Kiganja kilifunguka kwenye pigo lenyewe la ngoma, sawasawa, bila kasoro, na yeye alikitazama kwa chuki. "Kila kitu kiko sawa na si yeye! Si yeye, nakwambia! Nimemfanya mwanamke mwingine!"

"Maji yamepita kisimani," Sikudhani alisema. "Mwanamvua, tafadhali. Wewe umemwona akicheza, hukuona kitabu cha ngoma. Yeye alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa..." Mwanamvua aliutazama mkono wa mchoro. "Alikuwa anacheka. Alikuwa kila akifika hapa anatutafuta sisi watoto kwenye umati, akituona anacheka kwanza, ndio mkono unafuata. Wenzake walikuwa wanamgombeza. Ngoma imeshapita, yeye ndio kwanza anafungua kiganja!"

Akagusa kifundo. Kipazia kikashuka. Kidole kikapita Geuza, kikapita Harakisha, kikabonyeza Chelewesha, mara moja.

Mama alisogea mbele, akayumba, akageuza shingo. Pigo la ngoma likapita. Kiganja kikangoja, kikangoja, kisha kikafunguka peke yake, kimechelewa, kimejaa raha.

Mwanamvua aliinua mkono wake wote juu, mbali na mchoro, kama anayeogopa kuungua. Kipazia kilikosa kidole kikafifia.

"Imekamilika," alisema. "Imekamilika, Mheshimiwa! Huyo ndiye!"

Sauti yake ilisikika nyumba za jirani. Yule mzee akainua kichwa kutoka kwenye zambarau yake, akatazama maji, akapiga kelele kwamba na yake imekamilika, na mwingine naye, na mwingine, mpaka uwanda wote ukawa unaitana. Mheshimiwa Mwinyikombo alikunja joho lake akaanza kukimbia nyumba hadi nyumba akiitikia, na Bwana Sudi akamfuata.

Maji yalifika. Yaligawanyika mbele ya mwanamke wa mistari yakampita kulia na kushoto. Mwanamvua alikuwa amesimama ndani yake hadi magotini, anacheza hatua zile zile mkabala na mama yake, na mkono wake nao alikuwa anauchelewesha.